Ami, usiifunge redio ya taifa: idai

Ami yangu wa Faza, shikamoo.

Wasema redio ya taifa ifungwe, kodi iende zahanati, kwa kuwa taarifa ya habari huanza na waziri ikaisha na waziri. Hasira yako ni ya haki, lakini dawa siyo hiyo. Stesheni za biashara huishi kwa matangazo, na ni nani atakayelipia habari za vijiji vya kwetu Lamu, kama Kizingitini au Kiunga?

Katiba ya Kenya ya 2010, Ibara ya 34(4), yavitaka vyombo vya habari vya dola viamue vyenyewe cha kutangaza, visipendelee upande, na viwape nafasi ya haki wenye maoni tofauti na wapinzani. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamuru wavuvi wa Lamu walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa madhara ya ujenzi wa bandari ya Lamu. Hoja kama za wavuvi hao zastahili kusikika hewani kabla hazijafika kortini.

Basi shika daftari. Sikiliza taarifa ya habari ya saa ileile siku 7 mfululizo. Andika tarehe, saa, habari yenyewe, aliyesikika kwa sauti yake, na kwa sekunde ngapi. Tenga kutajwa na kusikika, maana malalamiko mengi hufia hapo: utajibiwa kwamba wavuvi "walitajwa", kumbe mtangazaji kasema "wavuvi walipinga", kisha waziri kapewa dakika mbili.

Halafu iombe redio nyaraka zake, kwa kutumia Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Kiswahili chakubalika, na hulazimiki kutoa sababu. Taja kitu mahsusi, kwa mfano sera ya uhariri, au mapato ya matangazo ya serikali kwa mwaka mmoja. Ombi la "kila kitu" hukwama. Baki na nakala iliyogongwa muhuri. Wana siku 21 za kukujibu, nao wanaweza kuongeza 14 mara moja tu. Wakikataa, una siku 30 kupeleka shauri kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile ipokeayo malalamiko dhidi ya ofisi za umma.

Pesa ndiyo shina. Ujerumani kila nyumba hulipa ada, na kiwango hupendekezwa na tume huru; jimbo moja lilipozuia nyongeza, Mahakama ya Katiba iliipitisha 2021. Kwetu ruzuku hutoka Hazina, na mhariri humwogopa mwenye mfuko. Hilo, daftari lako haliliwezi. Ni la Bunge, na wa kuulizwa ni mbunge wenu wa Lamu Mashariki.