Kuna gemu linaongelea kausha damu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wako wa barua. Juzi usiku nimemaliza Red Dead Redemption 2 na mpaka leo niko kazini ila akili iko kule kule. Ni gemu la mwaka 2018 la kampuni ya Rockstar Games, linahusu majambazi wa Marekani mwaka 1899, na dunia yake ni kubwa balaa, milima ya theluji, vinamasi, miji, unaweza ukashinda juu ya farasi unawinda na kuvua samaki tu na hakuna anayekuuliza. Ila sio ukubwa ulionifanya niandike.

Naandika kwa sababu ya madeni. Unacheza kama Arthur Morgan, na kwenye genge lao kuna mzee anaitwa Strauss, kazi yake kukopesha watu wenye shida kwa riba ya kuumiza, wakishindwa kulipa anatumwa Arthur. Sasa anatumwa kwa mkulima mmoja, Thomas Downes, mgonjwa, mke na kijana wake wako hapo hapo nyumbani, na anayebonyeza pedi ya gemu ili apigwe ni wewe mwenyewe, hiyo misheni, yaani kazi unayopewa ndani ya gemu, huwezi kuikwepa. Yule baba anakohoa, damu inamrukia Arthur usoni. Basi, unaendelea na mizunguko yako, unasahau kabisa, baadaye sana Arthur anaanguka njiani mji wa Saint Denis na daktari anamwambia ana kifua kikuu. Na enzi hizo dawa hakuna, streptomycin yenyewe, dawa ya kukitibu, imekuja kugunduliwa 1943.

Mhariri, huku kwetu mikopo ya kausha damu, ile ya riba ya kuumiza, tunaijua, friji linabebwa, godoro linabebwa, majirani wamesimama wanaangalia. Kwenye magazeti tunamsoma aliyekopa na aliyekopesha, lakini yule kijana anayetumwa kubeba godoro hatumuoni. Hili gemu limemweka yeye katikati na wala halimsamehi kirahisi. Arthur anamfukuza Strauss kambini, anaanza kuwafutia watu madeni, anamkuta mjane wa Downes ameishia kujiuza kule Annesburg kwenye machimbo, anawapa hela yeye na mwanae waondoke, mama mwanzoni hataki hata kumsikia na ana haki, maana mume wake harudi.

Ni gemu la watu wazima, wazazi msiwape watoto. Lakini gazeti lako linachambua filamu na muziki kila wiki, gemu hamzigusi kabisa, mnatuacha tunaonekana wahuni wasio na kazi. Naomba mzipe nafasi, hata safu ndogo. Na waliolimaliza hili waandike, nataka kujua na wao walijisikiaje pale kwa Downes.

Mpenzi wa gemu,
Mbagala, Dar es Salaam