Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Ndugu wanachama,

Nianze na fedha, maana ni fupi. Ada zimelipwa na wengi, pango la chumba cha mikutano tumelimaliza, hatudaiwi na mtu. Anayetaka hesabu kamili amwone mweka hazina.

Mkutano mkuu uliopita ulitaka tuache kurukaruka, tusome jambo moja mpaka lieleweke. Likachaguliwa hili la kubadili rangi ya mwanga ndani ya silikoni, ile inayotengenezewa chipu za kompyuta. Mafundi wa faiba, yaani nyuzi za kioo zinazobeba mawasiliano kwa mwanga, ndio waliolisukuma, na hoja yao ilikuwa nzito. Jiji letu limeshikiliwa na nyaya za baharini, SEACOM tangu 2009 na EASSy tangu 2010, na ndani ya uzi mmoja wa kioo hupita rangi nyingi za mwanga kwa pamoja, kila moja na mzigo wake. Ukitaka kuhamisha mzigo kutoka rangi moja kwenda nyingine, njia iliyozoeleka ni kuugeuza mwanga kuwa umeme, kisha kuurudisha kuwa mwanga. Silikoni inaweza kuikwepa safari hiyo.

Kazi hufanyika kwenye njia nyembamba iliyochongwa juu ya chipu, yenye upana wa nanomita 450 hivi na kimo cha 220 (nanomita ni sehemu ya bilioni ya mita). Unaingiza leza yenye nguvu pamoja na mwanga dhaifu wenye ujumbe. Fotoni mbili za leza, yaani chembe mbili za mwanga wake, hutoweka. Moja huzaliwa upande wa ujumbe, nyingine kwenye rangi mpya. Rangi hupimwa kwa urefu wa wimbi: leza ikiwa nanomita 1550 na ujumbe 1540, nakala itatokea karibu na 1560. Silikoni huuitikia mwanga mkali zaidi ya mara 100 kuliko kioo cha faiba, kwa hiyo sentimita chache zinatosha. Sharti ni mawimbi yaende sambamba, na hilo hutegemea umbo la njia. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell walilionyesha vizuri mwaka 2006.

Mjadala uliotuchukua muda mrefu ni huu: kwa nini tusiongeze tu nguvu ya leza? Baadhi yenu mliutetea mpaka mlinzi akaja kufunga geti. Jibu limo ndani ya silikoni yenyewe. Fotoni moja ya nanomita 1550 ina nishati ya elektronivolti 0.8, haitoshi kuvuka pengo la silikoni la 1.12, yaani nishati inayohitajika ili silikoni imeze mwanga. Mbili zikiungana zina 1.6, zinavuka, zinamezwa. Kibaya zaidi, huacha elektroni huru ambazo nazo huendelea kuumeza mwanga. Ukiongeza nguvu, hasara hupanda. Dawa mojawapo ni kuijengea njia diodi, kifaa cha kupitisha umeme upande mmoja, ya kuzifagia elektroni hizo. Intel waliitumia mwaka 2005 kwenye leza yao ya silikoni. Nyingine ni kupita nanomita 2200, ambako fotoni mbili hazilifikii pengo, ila huko vifaa vya kawaida vya mawasiliano ya faiba havipo.

Kwa maoni yangu, somo hili lilipaswa kutangulia masomo yetu ya awali, ambayo wanafunzi waliyafurahia na walimu wakasinzia.

Kwa mwaka ujao kamati inapendekeza naitraidi ya silikoni, yaani mchanganyiko wa silikoni na naitrojeni: haimezi fotoni mbili kwenye 1550, ingawa uwezo wake wa kuchanganya mawimbi ni mdogo zaidi. Naomba hoja hiyo ijadiliwe kabla ya uchaguzi wa viongozi, kwa kuwa nafasi ya katibu iko wazi na atakayeichukua ndiye atakayepanga ratiba.