Kanda za katuni: kagua kwanza, deki baadaye

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wenye kanda za video za katuni zilizobaki makabatini, hapa Kigoma na kwa jirani zetu wa Tabora. Ukimpelekea fundi kanda akuhamishie kwenye flashi, mara nyingi jambo la kwanza analofanya ni kuitumbukiza kwenye deki, ile mashine ya kuchezea kanda. Hapo ndipo kanda nzima inapoharibiwa.

Sisi wa ziwani adui yetu ni kuvu. Shika kanda mwangani uchungulie kidirishani: ukingo wa utepe uliozungushwa unatakiwa uwe mweusi, laini na wa rangi moja. Ukiona unga mweupe au utando, isichezwe. Kuvu hugandisha mizunguko ya utepe, na deki ikivuta, utepe unachanika. Unga unaobaki kwenye hedi, yaani visomaji vya utepe ndani ya deki, unahamia kanda inayofuata, na fundi hatajua alikoutoa. Tabora ni kukavu zaidi, lakini vumbi lake linakwaruza utepe kwa urefu, na mkwaruzo hauna dawa.

Kanda yenye kuvu iachwe ikauke kwanza mahali pasipo na unyevu. Kisha ifunguliwe: skrubu tano chini ya kasha, bisibisi ya nyota. Piga picha kwa simu kabla ya kugusa chochote, maana njia ya utepe kupita kwenye vijiti haikumbukiki kirahisi. Unga ufutwe kwa kitambaa kikavu kisichotoa nyuzi, nje ya nyumba, pua na mdomo vikiwa vimezibwa. Rili zote mbili, yaani magurudumu yaliyozungushiwa utepe, zihamishiwe kwenye kasha safi la kanda isiyo na thamani. Kanda ya saa 3 ina mita 250 na zaidi za utepe, kwa hiyo anayekuambia ataisafisha ukimsubiri hapo barazani anakudanganya.

Hedi nazo zisafishwe kati ya kanda na kanda. Spiriti nyingi za duka la dawa zina maji karibu theluthi. Inayofaa ni alkoholi ya isopropili ya asilimia 99. Loweka kipande cha ngozi laini, kishikilie bila kukisogeza kwenye ngoma ya hedi, ile silinda inayozunguka yenye hedi, halafu izungushe ngoma yenyewe kwa kidole. Ukisugua juu na chini unavunja ncha za hedi. Pamba za masikio huacha nyuzi zinazonasa hapo hapo. Tunza deki uliyonayo, kwa sababu Funai, kiwanda cha mwisho kilichokuwa kikizitengeneza, kiliacha mwaka 2016.

Picha mbovu si lazima kanda iwe mbovu. Mfumo wa picha wa kanda zetu ni PAL: mistari 625, picha 25 kwa sekunde. Kanda iliyotumwa na ndugu kutoka Marekani ni NTSC, mistari 525 na picha karibu 30, na kwenye deki isiyo ya mifumo mingi picha huviringika au kukatikakatika. Katuni za Kifaransa zilizovuka ziwa zikitokea Bujumbura au Kalemie zinaweza kuwa SECAM: hizo hutulia vizuri, ila huonekana nyeusi na nyeupe. Nyingi zimetupwa kwa kudhaniwa kwamba rangi imekufa.

Filamu ya sinema ina picha 24 kwa sekunde, na kwenye PAL huchezwa kwa 25. Ndiyo maana katuni ya dakika 75 inaisha kwa dakika 72 na sauti za wahusika zinapanda kidogo. Fundi asijaribu kurekebisha hilo. Mwambie aihifadhi kwa ukubwa wa 720 kwa 576, umbo la 4 kwa 3, asiivute kujaza runinga pana. Kwa DV, aina ya faili la video lisilobanwa sana, tenga GB 13 kwa kila saa. Faili hilo kubwa ndilo la kuweka, lile dogo la simu litatokana nalo. Walioridhika na VCD walizotengenezewa zamani wajue kwamba zina 352 kwa 288 tu, yaani nusu ya mistari imeachwa kwenye kanda.

Anzeni na zipi? Si zile za dukani zenye makava mazuri, kwani nakala zake zimejaa duniani. Tanzania Bara haikuwa na televisheni hadi 1994. Kanda ambayo mzazi alirekodi katuni hewani miaka iliyofuata, na matangazo ya sabuni na sauti ya mtangazaji katikati, huenda haina ya pili. Kabla haijatoka nyumbani, vunja kile kipande kidogo cha plastiki kwenye ukingo wa mgongo wake, upande wa kushoto. Pakiwa wazi hapo, deki haikubali kurekodi juu yake hata fundi akibonyeza kitufe kisicho chake.

Mkusanya kanda,
Ujiji, Kigoma