Malalamiko Kuhusu Kutu Iliyofichwa kwa Rangi

Kwa Meneja,
Karakana ya Matengenezo ya Vyombo vya Majini.

YAH: MATENGENEZO MABOVU YA PIKIPIKI YANGU YA MAJINI

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nilileta kwenu pikipiki yangu ya majini ikiwa imeliwa na chumvi upande wa pampu, ile inayosukuma maji kwa nyuma ili chombo kiende. Mmenirudishia ikiwa imeliwa vilevile, tofauti ni kwamba sasa ulikaji umekaa chini ya rangi inayong'aa. Stakabadhi yenu ninayo. Inasema mlifungua pampu yote, mkasafisha kutu, mkajaza mashimo, mkaweka zinki mpya, mkafunga bolti mpya, kisha mkapaka rangi. Kila mstari nimeulipia.

Hazikupita safari nyingi, chombo kikaanza kunisumbua. Nikiongeza mafuta injini inanguruma na mizunguko inapanda, lakini mwendo hauongezeki. Nilipokirudisha, aliyenipokea aliniambia, "Mzee, hiki chombo chenyewe kimeshazeeka." Hakuna aliyeinama hata kuchungulia mdomo wa pampu. Ikabidi nimtafute fundi mwingine, akaifungua mbele yangu na kupiga picha kila hatua. Picha hizo nimeziambatisha, na naomba uzitazame mwenyewe, usimpe mtu akusimulie.

Naanza na zinki, kwa sababu ndiyo iliyonikasirisha kuliko yote. Kipande kile kidogo kazi yake ni kuliwa. Pampu ni ya alumini, impela (lile panga linalosukuma maji) na shafti inayoizungusha ni za stenlesi, na vyote vimelowa maji ya bahari yanayopitisha umeme. Katika hali hiyo alumini ndiyo inayoumia, isipokuwa pawepo metali dhaifu zaidi ya kuumia badala yake. Zinki ipo kwa ajili hiyo. Ili ifanye kazi inahitaji mambo mawili tu: iguse maji ikiwa wazi, na ikae kwenye alumini tupu ya pampu bila kitu katikati. Mafundi wenu waliifunga juu ya rangi, halafu nayo wakaipaka rangi. Ilipofunguliwa ilikuwa nzima kabisa, haina hata mkwaruzo, huku alumini iliyo pembeni yake ina mashimo mapya. Kwa mtu asiyejua, zinki nzima inaweza kuonekana habari njema. Kwenu nyinyi, ambao mnaishi kwa kazi hii, ilipaswa kuwa aibu.

Hiyo rangi yenyewe ilipakwa juu ya unga mweupe. Unga ule ndio alumini iliyokwisha kuoza, na chini yake chumvi ilikuwa bado imo ndani ya vishimo. Hapakupigwa msasa hadi alumini tupu, hapakuoshwa kwa maji yasiyo na chumvi, wala hakuna dalili ya praima ya kushikia alumini. Rangi imevimba na kubanduka vipande vipande. Mbaya zaidi, alumini ikishapakwa rangi na stenlesi ikaachwa wazi, kila penye mkwaruzo ndipo ulikaji wote unapokimbilia, kwa hiyo shimo linachimbika kwenda chini haraka kuliko pangeachwa bila rangi. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Nyinyi ufa mmeupiga chokaa.

Mashimo makubwa yalijazwa puti ya kawaida ya magari. Puti ile hufyonza maji, na mahali pake ni mlango wa gari, si njia ya maji ya pampu. Ilimeguka karibu na impela, na hapo ndipo mwendo ulipopotelea: penye nyufa pampu inavuta hewa pamoja na maji, na nafasi kati ya impela na pete inayoizunguka imechimbika. Vishimo vidogo visivyobeba mzigo vingejazwa epoksi, ile gundi ngumu, yenye unga wa alumini, vile vikubwa vikachomelewa kwa gesi ya agoni. Kama mliona nyumba ya pampu imekwisha kiasi cha kutofaa kuchomelewa, mngeniambia ninunue nyingine. Ningenung'unika kidogo, ningenunua.

Sasa bolti. Pampu imeshikwa na bolti nne. Moja ilikatikia ndani wakati wa kuifungua, jambo ambalo halinishangazi, maana kutu ya alumini hutanuka na kuibana stenlesi hadi isizunguke. Hutokea hata kwa fundi mzuri. Fundi mzuri hupasha moto, hutia mafuta ya kupenya, husubiri, na ikishindikana hutoboa na kuweka meno mapya. Wenu alichukua kichwa cha bolti na kukibandika kwa gundi juu ya tundu ili ionekane iko kamili. Fundi wangu alikibandua kwa ukucha. Ndugu Meneja, hilo si kosa la kazi, ni udanganyifu. Pampu ikicheza, impela inagusa ukuta, na mtu aliye juu ya chombo kile anaweza kubaki katikati ya maji bila njia ya kurudi.

Bolti tatu zilizobaki ni za chuma cha kawaida, na zimeshaanza kutoa kutu nyekundu. Za stenlesi nilizokuja nazo sijui ziko wapi. Hata hizi zilifungwa kavu, bila grisi ya kuzuia kushikana, kwa hiyo fundi ajaye ataanza na tatizo lile lile.

Kuhusu umeme sitasema mengi: plagi za waya zilizokuwa na ukungu wa kijani zilinyunyiziwa mafuta na kurudishwa zilivyokuwa.

Mapokezi waliniuliza pia kama huwa naisuuza baada ya kutoka baharini. Naisuuza kila mara, tena kwa utaratibu ulioandikwa kwenye kitabu cha chombo: injini kwanza ndipo maji, na wakati wa kumaliza maji kwanza ndipo injini. Lakini kusuuza hakuondoi chumvi iliyofungiwa chini ya rangi na puti yenu. Na uzee wa chombo niliwatajia mwenyewe siku ya kwanza, mkaukagua, mkakubali kazi na kupanga bei. Hauwezi kugeuka kuwa sababu baada ya kupokea fedha.

Ninachodai ni hiki. Mnirudishie fedha zote za kazi ya pampu, pamoja na gharama za fundi aliyeifungua na kuikagua. Risiti yake imo kwenye viambatisho. Sitaki mrudie kazi hiyo nyinyi, kwa sababu baada ya kile kichwa cha bolti siwezi tena kuamini kitu nisichokiona kwa macho. Bolti zangu za stenlesi pia nazitaka, hata kama zimechakaa. Na nataka maelezo ya maandishi, si ya simu, yakionyesha nani alikagua kazi hii kabla chombo hakijatoka getini kwenu.

Nyumba ya pampu, puti iliyomeguka, zinki yenye rangi na kile kichwa cha bolti nimevihifadhi kama vilivyotolewa. Mnakaribishwa kuja kuviona, lakini havitaondoka mikononi mwangu. Nisipopata jibu ndani ya siku kumi na nne tangu mpokee barua hii, nitavipeleka pamoja na picha na stakabadhi kwenye mamlaka inayoshughulikia haki za walaji.

Wenu,
Mteja mwenye stakabadhi iliyoambatishwa.

Viambatisho: nakala ya stakabadhi yenu, risiti ya fundi wa pili, picha za pampu.