Sambaza juu ya jiwe jeusi

Bwana muhariri,

Miye ni mutu wa Kadutu, komine ya Bukavu, nimekula sambaza, ile samaki ndogo ya ziwa Kivu, tangu niko mutoto, na sambaza haina siri yoyote: bavuvi banaingia ziwani usiku na taa, ile mitumbwi tatu yenye kufungwa pamoja na miti mirefu, banaimba mupaka asubuhi, mama anazipima na kopo sokoni, unaosha, chumvi, mafuta ya moto, pilipili, bugali, basi.

Sasa shemeji yangu akanialika ku restora moja hapa Bukavu. Tulingojea karibu saa nzima. Wakaleta jiwe jeusi, eti ndio sahani, juu yake sambaza saba (nilihesabu), zimesimamishwa kama askari ku parade, na matone ya mchuzi wa kijani pembeni, na bugali ya kidogo kama yai. Ku menu banaiita muziki wa ziwa! Dola 12.

Samaki huyu mwenyewe ni mugeni, walimtoa ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950 wakamwaga Kivu ili batu bapate chakula, si mapambo. Sikatai usafi, sikatai meza nzuri, lakini kisu na uma kwa sambaza? Inakuliwa na kichwa yake na miiba yake, kwa vidole.

Shemeji alilipa, nikashukuru kwa heshima. Nikafika nyumbani nikauliza mama watoto kama kuko chakula ilibaki.

Musomaji wenu, Bukavu