YAH: Vanishi ya ngazi ya mbao inayobanduka

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Ninalalamikia kazi ambayo mafundi wenu waliifanya kwenye ngazi ya mbao nyumbani kwangu, yenye vidato 13, kwani hata wiki sita hazijatimia na vanishi imekwisha kuanza kubanduka. Kwenye kidato cha tano, pale katikati panapokanyagwa zaidi, nikipitisha ukucha vanishi inatoka kipande kizima, chembamba kama ganda la kitunguu, na chini yake mbao bado inateleza kwa nta ya zamani.

Nta hiyo ndiyo kiini cha malalamiko yangu. Kabla kazi haijaanza nilimweleza msimamizi wenu kwamba ngazi hii ilikuwa ikipakwa nta kwa miaka mingi, naye akanihakikishia kuwa itaondolewa yote, kwa sababu vanishi haishiki juu ya nta. Mafundi waliofika walipitisha msasa laini wa namba 220 tu, wakapangusa vumbi juujuu, wakapaka vanishi mikono miwili, yaani tabaka mbili, siku hiyohiyo. Nta ilipaswa kufutwa kwanza kwa tapentaini, mbao isuguliwe kwa msasa wa namba 60 au 80 kwa kufuata nyuzi zake, kisha kwa namba 120, na kila mkono wa vanishi uachwe ukauke kabisa kabla ya kupakwa mwingine.

Kidato cha tisa nacho, ambacho nililipia kirekebishwe, bado kinalia kila kinapokanyagwa. Kilipigiliwa msumari mmoja, ambao umeshalegea, wakati kilihitaji gundi na skrubu ili ubao wa kukanyagia usisuguane na ule wa wima.

Wiki iliyopita mama yangu, ambaye ni mtu mzima, aliteleza kwenye kidato cha tano akawahi kushika reli. Tangu siku hiyo simwachi ashuke peke yake, na jambo hili linaniuma kuliko fedha nilizolipa.

Naomba, ndani ya siku 10, mtume fundi mwenye ujuzi aiondoe vanishi yote hadi mbao itokee na kuirudia kazi kwa utaratibu nilioueleza, bila malipo ya ziada. Kupaka mkono mwingine juu ya huu unaobanduka sitakubali. Msipoweza, nirudishieni fedha zangu zote ili nitafute fundi mwingine. Nimeambatanisha picha za vidato vyote viwili pamoja na nakala ya risiti.

Wako mwaminifu,
Mteja wenu