Kwa Nini Mbwa Wako wa Jindo Hali Chakula Ukimwacha Kwetu

Wateja wanaotuachia mbwa wa aina ya Jindo wakati wa safari hutuuliza mara kwa mara mbona nyumbani anakula vizuri, lakini akifika kwetu hata nyama haigusi. Sababu iko katika asili yake.

Mbwa huyu ametoka kisiwa cha Jindo, kusini-magharibi mwa Korea Kusini, ambako kwa vizazi vingi aliishi na wanakijiji, akiwinda nao na kulinda nyumba zao. Mwaka 1962 serikali ya huko ilimtangaza kuwa hazina ya asili ya taifa, na mwaka 1967 ikatungwa sheria mahususi ya kumhifadhi. Kisa kinachosimuliwa zaidi ni cha Baekgu, jike mweupe aliyeuzwa katika jiji la Daejeon mwaka 1993, umbali wa kilomita 300 hivi, naye baada ya miezi saba akatokea mlangoni kwa bibi kizee aliyemlea, amekonda na kuchoka. Kisiwani wamemjengea sanamu.

Mapenzi ya Jindo huelekea kwa mtu mmoja, na mtu huyo asipoonekana, yeye hungoja. Mwaka jana tulikaa na dume mmoja aliyelala siku mbili akiwa ameelekea geti, bakuli limejaa, masikio yake yakigeuka kila gari lilipopita. Alikuwa akinywa maji tu. Siku ya tatu ndugu wa mwenye mbwa alituletea shati ambalo halijafuliwa, tukalitandika kando ya bakuli, akalinusa kwa muda mrefu, kisha akala.

Tangu hapo hatumpokei Jindo kulala kwetu kabla hajatutembelea mara tatu. Mara ya kwanza unakaa naye, mara ya pili unaondoka kwa saa moja, na mara ya tatu anashinda kutwa na mhudumu yule yule atakayemlisha. Akikataa maji au akilegea, tunamwita daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.

Nyumbani, tafadhali angalia uzio wako. Jindo ni hodari wa kuruka, kupanda na hata kuchimba, kwa hiyo tunapendekeza usipungue futi sita; na kwa kuwa damu ya uwindaji bado anayo, kuku na paka wa jirani wako hatarini akitoka bila kamba. Manyoya yake ya tabaka mbili hupukutika sana mara mbili kwa mwaka, na wakati huo yanahitaji kuchanwa kila siku, lakini usiyanyoe hata wakati wa joto, kwa maana ndiyo yanayomkinga na jua. Kuoga hahitaji sana, kwani hujisafisha mwenyewe. Mfunze tangu angali mtoto, kwa upole, maana kipigo humvunjia imani.

Mwenye safari ya Desemba atuletee mbwa wake angalau wiki tatu kabla ili tuzoeane naye, na siku ya kumwacha aje na chakula cha kawaida cha mbwa huyo pamoja na nguo moja aliyoivaa yeye mwenyewe.